Kufunga Vikanyagio vya Abiria kwenye Pikipiki ya Safari Ndefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hutufikia kila msimu kutoka kwa waendeshaji wa Mombasa na majirani zao wa Kilifi na Kwale, hasa wale walionunua pikipiki kubwa ya safari kwa ajili yao wenyewe na baadaye wakaona kwamba mwenzi, ndugu au rafiki naye anataka kwenda Malindi, Voi au hata Nairobi. Majibu yanahusu vikanyagio vya abiria, ambavyo mafundi wengi hapa huviita futiresti. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu huumia, na mengine ni mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi.

Je, pikipiki yoyote inaweza kufungwa vikanyagio vya abiria?

Hapana. Pikipiki inayofaa ni ile ambayo kiwanda kiliijenga ibebe watu wawili, hata kama aliyekuuzia aliiondolea vikanyagio na kiti cha nyuma ili ionekane nyembamba. Fungua kitabu cha pikipiki utafute uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Kinachobaki ndicho mnachogawana wewe, abiria, masanduku na mizigo yote. Watu wawili wakubwa wenye masanduku matatu yaliyojaa humaliza kiasi hicho haraka kuliko wanavyodhani, na hakuna kikanyagio, hata kiwe imara namna gani, kinachoweza kuongeza uwezo wa fremu.

Baada ya kitabu, kagua fremu. Pikipiki ya watu wawili huwa na matundu yenye thredi, au masikio yaliyochomelewa kiwandani, pande zote mbili chini ya kiti cha nyuma. Wakati mwingine matundu hayo yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki au yamejaa tope lililokauka. Ukiyaona, kazi imekuwa nyepesi. Usipoyaona, na kiti cha abiria nacho hakipo, ushauri wetu ni kuiacha pikipiki hiyo ibaki ya mtu mmoja. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu juu ya pikipiki ya magurudumu mawili, naye awe ameketi kwenye kiti halisi kilichofungwa imara nyuma ya dereva. Kikanyagio bila kiti cha namna hiyo hakikusaidii chochote mbele ya askari wa trafiki wala mbele ya kampuni ya bima.

Nianze na nini: kununua vikanyagio au kutafuta mahali pa kuvifunga?

Anza na mahali. Wateja wengi huja wakiwa tayari wamenunua vikanyagio vizuri, vinavyong'aa, vyenye raba nene, kisha wanatuuliza vifungwe wapi. Huko ni kuanza kazi kutoka mwisho, kwa maana kikanyagio chenyewe hakivunjiki mara nyingi. Kinachoshindwa ni braketi (kipande cha chuma kinachokishika kikanyagio kwenye fremu), bolti, au thredi iliyo ndani ya fremu.

Fikiria abiria wa kilo 80 anapopanda. Watu wengi hukanyaga kikanyagio cha kushoto kwa mguu mmoja na kujiinua juu kama wanaopanda ngazi, hivyo uzito wote unakaa upande mmoja. Ikiwa mguu wake uko sentimita 12 kutoka uso wa braketi, na braketi imeshikwa na bolti mbili zilizoachana kwa sentimita 4, bolti ya juu huvutwa kutoka kwenye fremu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 240. Hapo pikipiki imesimama tuli. Weka juu yake matuta ya barabarani, mashimo, na abiria anayejiinua kila anapoona tuta linakuja, ndipo utaelewa kwa nini bolti iliyookotwa kwenye kopo la vyuma chakavu haifai.

Kwa hesabu hiyo, mahali pazuri ni kwenye fremu kuu au fremu ya nyuma, penye bolti mbili au zaidi zilizoachana vya kutosha, na penye chuma kinachogusana uso kwa uso bila mwanya. Braketi iliyoshikwa na bolti moja ni lazima iwe na pini, mdomo au ukingo unaoizuia isizunguke. Bila hivyo itajilegeza yenyewe, hata ukiikaza namna gani.

Kwenye mkono wa gurudumu la nyuma kuna nafasi nzuri. Je, nifunge hapo?

Usifunge. Mkono huo hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo magoti ya abiria nayo yatapanda na kushuka katika kila shimo. Ni kweli kwamba baadhi ya pikipiki, kama zile Honda Cub za zamani, zilitoka kiwandani na vikanyagio vya abiria kwenye mkono wa nyuma. Tofauti ni kwamba kiwanda kilikwisha kupima chuma chake na kuweka sehemu hizo kwa hesabu. Kutoboa au kuchomelea mkono wa pikipiki kubwa inayokwenda kasi ya barabara kuu ni kuudhoofisha mahali ambapo hutaki udhoofike, na kama ni wa alumini, ufa ukianza pale palipochomelewa huenda usiuone mpaka ufike mbali.

Vikanyagio viwe kwenye urefu gani?

Hakuna kipimo kimoja kwa watu wote, ila kuna namna ya kukipata. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi ya katikati, mketishe abiria mwenyewe atakayesafiri, akiwa amevaa viatu vya safari, kisha weka vipande vya mbao au matofali chini ya nyayo zake pande zote mbili. Ongeza au punguza mpaka aseme ametulia. Goti lililokunjwa zaidi ya pembe mraba huanza kulalamika mapema, na mtu wa namna hiyo akitoka Mombasa hatafika Mackinnon Road kabla ya kuomba msimame. Pima urefu huo kutoka ardhini, na upime pia umbali wa mguu kutoka ubavu wa pikipiki.

Sasa keti wewe mbele. Shusha miguu yote miwili chini kama unavyofanya kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, halafu irudishe kwenye vikanyagio vyako. Mashavu ya miguu yako yasigonge vikanyagio vya abiria, na vidole vya abiria visiguse visigino vyako unapobadili gia au kukanyaga breki. Hapa mnahitaji mapatano kidogo, kwa kuwa mahali panapomfaa abiria mara nyingi ndipo panapomkera dereva. Tukilazimika kuchagua, tunampa abiria sentimita moja au mbili nyuma zaidi badala ya kumshusha chini zaidi.

Sababu ya kutoshusha sana ni kona. Kikanyagio kilichoshushwa kwa sentimita tano kitagusa lami mapema pikipiki inapolala, hasa ikiwa nyuma imebonyea kwa uzito wa watu wawili na mizigo. Ndiyo maana kikanyagio cha abiria hutakiwa kujikunja kwa kuelekea juu na nyuma, ili kikigusa barabara kikunjike badala ya kuinua gurudumu. Kikanyagio kisichojikunja kabisa tunakikataa, hata mteja akisisitiza.

Nimepata vikanyagio vya pikipiki nyingine kwa bei nzuri. Vitaingia?

Huenda, lakini usitumie macho peke yake. Chukua kipimo cha venia upime mambo matatu: unene wa ulimi wa kikanyagio unaoingia katikati ya masikio ya braketi, kipenyo cha tundu la pini, na umbali kutoka katikati ya tundu hilo mpaka kwenye kisigino cha ulimi kinachoegemea braketi. Kipimo cha tatu ndicho kinachosahaulika. Kisigino kikiwa kifupi kwa milimita mbili, kikanyagio kitakaa kimeinama chini na mguu wa abiria utateleza. Kikiwa kirefu, kitabaki kimeinuka na hakitafunguka chote.

Ulimi ukiwa mwembamba kuliko nafasi, weka washa nyembamba pande zote mbili ili uzito usikae upande mmoja wa pini, lakini usijaze mwanya wa zaidi ya milimita moja kwa njia hiyo. Ukiwa mnene, usiusage kwa grainda. Angalia pia kushoto na kulia: vikanyagio vingi vinafanana kwa mbali, ila pembe ya kujikunja imekatwa kinyume, na cha kulia kikifungwa kushoto kitajikunja kwa kuelekea mbele, yaani kitamshika mguu abiria badala ya kuuachia.

Pini na klipu hutolewa vipi bila kupoteza springi?

Kazi hii ni ndogo na huwatesa wengi. Funika sehemu yote kwa mfuko wa plastiki ulio mwangavu, ingiza mikono ndani ya mfuko, kisha sukuma klipu kwa bisibisi ya bapa huku kidole kikiwa juu ya springi. Springi ikiruka, inarukia ndani ya mfuko. Kabla ya kutoa chochote, piga picha kwa simu, kwa sababu baadhi ya vikanyagio vina gololi ndogo chini ya bati lenye springi, na gololi hiyo ndiyo inayokifanya kikanyagio kibaki wazi au kibaki kimefungwa. Ikidondoka kwenye kokoto za uani, jioni yako imekwisha. Klipu iliyopanuka isirudishwe. Nunua mpya, bei yake ni ndogo.

Nitumie bolti za aina gani?

Kama bolti za kiwandani zipo na ni nzima, tumia hizo. Kama hazipo, soma alama juu ya kichwa cha bolti mpya. Namba hiyo huonyesha nguvu ya bolti: 8.8 ndiyo ya chini tunayokubali kwa kazi hii, na 10.9 ni nzuri mahali ambapo kiwanda kiliitumia. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia rafu za dukani.

Suala la pili ni thredi. Pikipiki nyingi za Kijapani zenye bolti ya milimita 10 hutumia thredi ya 1.25 (yaani milimita 1.25 kutoka mzunguko mmoja wa thredi hadi unaofuata), ilhali maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza ile ya 1.5. Zinaonekana pacha. Bolti ya 1.5 itaingia kwenye tundu la 1.25 kwa mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, kisha itakaza ghafla, na mtu mwenye haraka atachukua spana aendelee. Akifika mwisho, thredi ya fremu imekwisha kuliwa. Kanuni yetu ni kwamba bolti iingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho; ikikataa, itoe uangalie kwa nini. Kwa milimita 8 hali ni nyepesi, kwani 1.25 ndiyo iliyozoeleka kila mahali.

Wenye Harley-Davidson wawe waangalifu zaidi, maana bolti zake nyingi hupimwa kwa inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na mtu anaweza kuidhania kuwa ya milimita 8, lakini thredi zake hazilingani. Ile ya 3/8 ni milimita 9.5, nayo ikiingizwa kwenye tundu la milimita 10 italegea na kucheza ndani yake. Duka likikosa bolti za inchi, agiza Nairobi usubiri.

Suala la tatu ni urefu. Ikiwa thredi ya upande wa fremu ni ya alumini, bolti ya milimita 8 iingie angalau milimita 12 ndani, na ya milimita 10 iingie angalau milimita 15. Ukiongeza spesa au braketi nene, ongeza urefu wa bolti kwa kiasi hicho hicho. Hakikisha pia kwamba bolti ndefu haitokezi upande wa pili na kugusa cheni, gurudumu, au waya za taa za nyuma.

Je, bolti za stenlesi si bora zaidi kwa Mombasa, kwa kuwa hazishiki kutu?

Swali hili huulizwa karibu kila wiki, na jibu letu huwashangaza watu. Stenlesi yenyewe kweli haishiki kutu kirahisi, lakini inapokaa ndani ya alumini na hewa ya bahari ikaleta unyevu wa chumvi katikati, metali hizo mbili huanza kufanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti. Unga huo hujaa kwenye thredi, hubana, na siku unayotaka kuifungua bolti inakatika au inatoka na thredi yote ya fremu. Zaidi ya hayo, stenlesi ya kawaida yenye alama A2-70 ni dhaifu kuliko chuma cha 8.8, na huanza kurefuka mapema zaidi ikivutwa.

Kwa sehemu inayobeba mguu wa mtu, sisi hupendelea bolti ya 8.8 iliyopakwa zinki, ibadilishwe pale zinki inapoanza kuisha na chozi la kutu jekundu kuonekana chini ya kichwa. Stenlesi tunaiachia vifuniko vya plastiki na kibao cha namba. Wapo mafundi wanaopinga msimamo huu, na pikipiki inayolala ndani na kuoshwa vizuri inaweza kuishi na stenlesi miaka mingi. Inayolala nje Nyali au Bamburi, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini usiku kucha, haina bahati hiyo.

Nikaze kiasi gani?

Kitabu cha pikipiki ndicho chenye kauli. Pasipo kitabu, bolti ya 8.8 ya milimita 8 ikiwa kavu hukazwa kwa takriban Newton mita 25 kwenye chuma, na ya milimita 10 kwa takriban 45. Kwenye alumini yenye thredi iliyochoka, shuka chini ya hapo. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Fundi mwenye mkono mzoefu anaweza kukaribia, lakini hata yeye hawezi kutofautisha 25 na 35 akiwa amechuchumaa kwenye jua la saa nane mchana. Kaza bolti zote kwa zamu, kidogo kidogo, ili braketi ikae bapa.

Ama kuhusu kupaka kitu kwenye thredi, chagua kimoja: gundi ya thredi au grisi ya kuzuia kushikana. Usipake vyote viwili. Kwa vikanyagio tunachagua gundi ya nguvu ya kati, ile ya buluu, kwa sababu inazuia bolti kulegea kwa mtikisiko na papo hapo inaziba njia ya maji ya chumvi. Ile nyekundu iache, kwani huhitaji joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi ili iachilie, na moto wa namna hiyo karibu na tangi la mafuta si jambo la kuombea. Safisha mafuta kwenye thredi kabla ya kupaka. Gundi juu ya grisi haishiki. Ukiamua kutumia grisi, punguza toki kwa karibu robo, kwa maana thredi iliyolainishwa huvuta bolti zaidi kwa nguvu ileile ya spana.

Chumvi ya Pwani inahitaji matunzo gani baada ya kufunga?

Osha kwa maji matamu. Tunasisitiza hili kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Anayeosha pikipiki yake kila Jumamosi kwa maji ya kisima anaipaka chumvi kwa bidii. Kama maji matamu ni haba, jaza hata chupa mbili za lita moja na nusu umalizie nazo kwenye bolti, pini, springi na cheni, kisha ufute. Baada ya safari ya ufukweni Diani, au siku ambayo rasharasha ya bahari imekurukia kivukoni, usingoje Jumamosi.

Pini ya kikanyagio ipakwe grisi isiyooshwa na maji mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kikanyagio kinachokunjuka kwa kulia kama mlango wa zamani kimekwisha kauka, na kikikauka hakitajikunja siku kitakapogusa lami.

Welda wa mtaani anaweza kunitengenezea braketi?

Anaweza, na baadhi yao ni hodari kuliko wanavyolipwa. Mpe bati la chuma la unene wa milimita 6, mchoro wenye vipimo, na kiolezo cha kadibodi ulichokijaribu kwenye pikipiki. Mwambie kona za ndani azikate kwa mviringo, kwa kuwa kona kali ndiyo inayoanzisha ufa. Braketi ichomelewe ikiwa mezani, mbali na pikipiki. Ikilazimu kuchomelea kitu kilicho juu ya pikipiki yenyewe, ondoa waya za betri, chomoa kompyuta ya injini, na ubane waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na mahali pa kazi, umeme usije ukapita kwenye beringi.

Braketi ya alumini iliyovunjika ni habari nyingine. Nyingi ni za kumiminwa, na hata ikichomelewa na mtu mwenye mashine ya kufaa, sehemu iliyo kando ya mshono hubaki laini. Nunua nyingine, hata kama ni ya mkono wa pili, uikague kwa tochi kuzunguka matundu yote kabla ya kulipa.

Ekzosi iko karibu na mguu wa abiria. Umbali gani unatosha?

Umbali wa kutosha ni ule ambao kiatu hakiwezi kugusa bomba hata kikiteleza kutoka kwenye kikanyagio. Kupima kwa kiatu kilichotulia pekee hakutoshi. Mwambie abiria atikise kisigino kwa ndani na nje, injini ikiwa baridi, uangalie kinapofika. Kama kinagusa, funga kinga ya joto yenye mwanya wa hewa kati yake na bomba. Bati lililolala moja kwa moja juu ya bomba litapata moto uleule. Majeraha ya shavu la mguu yanayotokana na ekzosi yanafahamika vizuri na kila aliyewahi kupanda boda boda, na mengi hutokea wakati wa kushuka. Kwa hiyo kubalianeni tangu mwanzo upande wa kupandia na kushukia, uwe ule usio na bomba.

Masanduku ya pembeni nayo yafungwe wakati wa kupima, tena yakiwa yamejaa. Sanduku linaloacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino litakuwa linakikwangua mpaka Mariakani.

Mke wangu huvaa buibui na huketi upande. Kikanyagio kimoja kinatosha?

Hakitoshi. Sheria inamtaka abiria aketi kwa kutanua miguu, mmoja kila upande, na sababu yake kiufundi ni wazi: anayeketi upande huweka uzito wote kwenye kikanyagio kimoja, hana cha kushika kwa magoti, na hawezi kulala pamoja na pikipiki kwenye kona. Kwa safari fupi za mtaani watu wamezoea, na hatutajifanya hatulioni jambo hilo kila siku pale Mwembe Tayari. Kwa mwendo wa barabara kuu hatufungi vikanyagio kwa mpango huo.

Suluhisho wanalolipenda wateja wetu wa kike ni suruali pana ndani, na buibui lililofunguka mbele au lililokunjwa na kufungwa kiunoni kabla ya kupanda. Leso na mitandio iingizwe ndani ya koti. Sisi huongeza kinga ya bati au plastiki ngumu kati ya kikanyagio na gurudumu, pande zote mbili, pamoja na kufunika cheni kikamilifu. Kinga hiyo ifungwe kwa bolti zake yenyewe, isitegemee bolti za vikanyagio. Kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga kwa abiria ni matakwa ya sheria pia.

Mtoto je?

Ikiwa nyayo zake hazikai bapa kwenye vikanyagio huku ameegemea vizuri, hajafikia wakati wa kupanda pikipiki ya safari. Hatutengenezi vikanyagio vya kuinua kwa ajili ya watoto.

Vibao vipana vya miguu ni bora kuliko vikanyagio vya kawaida?

Kwa safari ndefu ya lami, kama zile kilomita 480 hivi za kwenda Nairobi, vibao humwezesha abiria kusogeza mguu mbele na nyuma, na hiyo ni raha kubwa. Honda Gold Wing hutoka navyo. Lakini ni vizito zaidi, huchukua nafasi, na humpa abiria nafasi ya kukanyaga mbali zaidi kutoka kwenye braketi, yaani nguvu ya kung'oa bolti inaongezeka. Usifunge vibao kwenye braketi iliyokusudiwa vikanyagio vidogo ila mtengenezaji awe ameruhusu. Kwa anayepita njia za vumbi za kuelekea Shimba Hills au Taru, kikanyagio chembamba chenye meno na raba inayotoka kinafaa zaidi.

Nimemaliza kufunga. Kuna kingine cha kurekebisha?

Kipo, na ndicho kinachosahauliwa. Uzito wa abiria hubonyeza nyuma, hivyo ongeza mkazo wa springi ya shokabsoba ya nyuma kama kitabu kinavyoeleza kwa watu wawili, ongeza upepo wa matairi kwa kiwango cha mzigo kamili, na angalia mwanga wa taa ya mbele usije ukaelekea machoni mwa wanaokuja. Angalia cheni ikiwa na mzigo, kwa sababu cheni iliyokuwa sawa kwa mtu mmoja inaweza kukaza mno nyuma inapobonyea.

Kisha fanya jaribio bila kutembea: abiria apande na kushuka mara kadhaa, asimame juu ya vikanyagio vyote viwili, na wewe uangalie kama braketi inasogea hata kidogo. Chora mstari mwembamba wa rangi unaopita kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye braketi. Toka nayo mwendo mfupi, Nyali hadi Mtwapa na kurudi kunatosha, halafu utazame mistari. Mstari uliokatika katikati unaonyesha bolti imezunguka. Kama umetumia gundi, usiikaze tena juu kwa juu, maana tayari imeshikana na utaivunja. Itoe, isafishe, paka upya.

Thredi ndani ya fremu imekwisha kuliwa. Nitoboe tundu kubwa zaidi?

Subiri kabla ya kutoboa. Mara nyingi tundu linaweza kuokolewa kwa kuingiza koili ya chuma, ambayo mafundi huiita helikoili: tundu hupanuliwa kidogo, hukatwa thredi mpya kwa tapu (kifaa cha kukatia thredi) maalumu, kisha koili huingizwa na kurudisha ukubwa uleule wa bolti ya awali. Kwenye alumini, thredi hiyo mpya mara nyingi huwa imara kuliko ya kwanza. Sharti ni tundu kutobolewa likiwa limenyooka kabisa, kwa hiyo kazi hii apewe mwenye drili ya kusimama au mwenye kiongozi cha drili, na mabaki ya chuma yatolewe kwa upepo kabla ya koili kuingia. Kama kuta za tundu zimekwisha kupasuka, koili haitasaidia. Hapo sehemu hiyo ya fremu inabadilishwa, na mpaka ibadilishwe, abiria apande matatu.